Blanketi la Mama Mkwe, Kutoka Mukuyuni Hadi Kyuso

Nilituma picha moja tu kwenye grupu letu na tangu siku hiyo sijapata amani. Mmeuliza yule mwanamke ni nani, mbona amepigwa picha kisogoni, na mbona amejifunika blanketi zito mahali ambapo hata mbuzi wanagombania kivuli. Mmoja wenu akauliza kama nimeoa kimyakimya. Sijaoa. Nimefika nyumbani, nimelala nikashiba usingizi, na sasa nitawaeleza mambo yote kwa mpangilio, maana nikiwaachia ile picha peke yake mtaniharibia jina.

Kazi yangu mnaijua. Naendesha pikapu ya kampuni ndogo ya kusambaza mizigo, ofisi iko mjini Wote. Kwa kawaida sivuki Emali na Machakos, lakini mwenzangu wa njia ya Kitui alishikwa na jino, nikapewa njia yake. Bosi wetu, Mama Ndinda, ni mtu mwema, ila amefunga kwenye magari kidude cha kumwonyesha gari liko wapi, na likisimama kidogo tu simu inalia. Ugonjwa wangu pia mnaujua: nikiona mlima mzuri, mguu unakanyaga breki wenyewe. Kidude na ugonjwa havikupatana safari nzima.

Mukuyuni hadi Kibwezi

Mzigo wa kwanza niliuchukua Mukuyuni, asubuhi ya manyunyu, soko likiwa ndiyo kwanza linafungua macho. Aliyenisubiri alikuwa kijana anaitwa Mutua, fundi wa pikipiki pale sokoni. Alikuwa ameukumbatia mzigo ndani ya koti ili usilowe, yeye mwenyewe akilowa. Aliponiona alivua kofia, mvua ikimnyeshea kichwani, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Lilikuwa blanketi la mama ya mke wake, huko Kyuso. Mke wake, Mwende, alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, msichana, kwa upasuaji, na mshono bado mbichi. Mama yake Mutua alikufa zamani na dada hana, kwa hiyo nyumbani hapakuwa na mwanamke wa kumshikia Mwende mtoto hata akaoge. Mama ya Mwende angekuja siku ya kwanza, lakini kwa desturi ya nyumba yao haingii kwa mkwe wake kabla ya kupewa blanketi lake. Mbuzi walipelekwa wakati wa kuoana. Blanketi lilibaki nyuma, likangoja pesa, kisha likangoja nafasi, mpaka mtoto akalitangulia.

"Usiweke chini ya mizigo ingine," Mutua akaniambia. "Umpatie kwa mkono yake. Akikubali, atakuja. Akikataa, sijui nitaambia Mwende nini."

Nilimwahidi, ingawa kimoyomoyo nilicheka. Nimewahi kupeleka jeneza, nimewahi kupeleka mizinga ya nyuki, blanketi lingenishinda nini? Nikalikalisha kiti cha mbele na kulifunga mkanda kama abiria wa heshima.

Wenzangu, nchi hiyo baada ya mvua fupi ni ya kumfanya mtu aimbe hata kama hana sauti. Kutoka Mukuyuni unateremka na vilima vya Mbooni vinabaki nyuma vimejitanda ukungu, na kila shamba limekatwa matuta yaliyoshika maji yakameta. Miembe ilikuwa imelemewa hadi matawi yanagusa ukuta wa barabara. Nikapita Wote, nikapita Kathonzweni, ambako ardhi inalala chini na mbingu inakuwa kubwa, na kilima cha Nzaui kikawa kinanichungulia upande wa kulia muda mrefu, hata nilipodhani nimekiacha.

Pale Makindu niliingia barabara kuu ya Mombasa na malori yake. Mbele kidogo mawingu yakafunguka juu ya vilima vya Chyulu, na nyuma yavyo, juu kabisa mahali ambapo hutafuti mlima, pakawa na weupe wa Kilimanjaro. Mguu ukakanyaga breki. Simu ikalia.

"Mbona umesimama?" Mama Ndinda akauliza.

Nikamwambia naangalia Kilimanjaro.

"Kwani Kilimanjaro imeagiza nini?"

Nikaondoa gari.

Kibwezi hadi Ikutha

Kibwezi unaiacha barabara kuu, unakata kushoto, na kelele zote zinazimika. Mto Athi ulikuwa umejaa, maji rangi ya chai ya maziwa, yakibeba magogo. Ukivuka tu unaanza kupanda Yatta, ule mlima mrefu uliokatwa kichwa ukawa tambarare juu. Nimeusikia tangu utotoni na sikuwahi kuupanda. Huko juu vipepeo weupe walikuwa wanahama, wengi mpaka barabara yote ikawa inapepea, na sikuweza kwenda kasi kwa kuwahurumia. Mkokoteni wa punda ulikuwa mbele yangu, mwenye punda amelala juu ya mitungi ya maji, punda anajua njia. Nilimfuata punda yule polepole kwa furaha kabisa, na nikamdanganya Mama Ndinda kwamba kuna msongamano wa magari.

Ikutha nilikuta siku ya mnada. Mbuzi walikuwa wengi kuliko watu na vumbi lilikuwa limetulizwa na mvua. Hapo nilikuwa na kibahasha cha mzee mmoja, kimetumwa na binti yake. Nilipouliza habari zake, mnada mzima ulijua mzee amepata mzigo kabla mzee mwenyewe hajajua. Wakaja wote. Huko mzigo haufunguliwi faraghani. Watu wamesimama, wanataka kuona, na kuwanyima ni uchoyo.

Ilikuwa miwani ya kusomea. Mzee akaivaa, akaanza kusoma. Alisoma namba ya gari langu. Alisoma bango la kanisa, akasoma gunia la saruji, akasoma maandishi ya fulana ya kijana mmoja, kijana akaona haya. Kila neno watu wanaitikia kama kwenye mahubiri. Mwishowe alinishika mkono akanivuta hadi kwenye kibanda cha chakula, akaniagizia muthokoi, mahindi yale yaliyokobolewa na kupikwa na kunde, na akawa ananisomea bei ukutani kwa sauti kuu kana kwamba ni habari njema. Muthokoi ule ulikuwa na mafuta kidogo na kitunguu kingi, nami nilikula nikaomba tena.

Ikutha hadi Kitui

Kipande hiki sitakieleza sana kwa sababu nilikuwa nimeshiba, na mtu aliyeshiba haoni vizuri. Nakumbuka vilima vya mawe vya Mutomo, jiwe juu ya jiwe, na kule kwenye mawe vile vichaka vyenye shina lililovimba kama chupa, vimetoa maua mekundu ya waridi bila jani hata moja. Nakumbuka harufu ya udongo uliolowa ikiingia dirishani baada ya Ikanga. Kobe mmoja alivuka barabara na mimi na lori la mchanga tukamngoja, kila mmoja upande wake, tukipungiana mikono.

Kabla ya Kitui unaliona jiwe la Nzambani limesimama peke yake. Mnajua linavyosemwa: mwanamume akilizunguka mara saba anageuka mwanamke, na mwanamke vivyo hivyo. Nililiangalia kwa mbali, ndani ya gari, milango imefungwa. Sikutaka matatizo na kitambulisho. Nikalala Kitui mjini, blanketi nikapanda nalo chumbani.

Kitui hadi Kandwia

Asubuhi niliteleza kupitia Migwani hadi Mwingi, nikanywa chai ya maziwa ya ngamia kwenye hoteli ya Wasomali, nzito na yenye ladha ya moshi. Kutoka hapo kwenda Kyuso nchi inakuwa kavu zaidi, lakini mwaka huu ukavu ulikuwa umesahau kazi yake. Ndengu zilikuwa zimechipua mashambani mstari kwa mstari, na nyasi zimeota hata kati ya mawe.

Mbele ya Kandwia nikakuta magari yamesimama. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu, na korongo ambalo siku nyingine ni mchanga mtupu lilikuwa mto. Hakuna aliyelalamika. Mfanyabiashara mmoja wa mbuzi alishusha mkeka, akina mama wa kanisa waliokuwa wanakwenda semina wakafungua vyombo vyao, na mimi nikatoa maembe niliyonunua Mukuyuni. Tukala chapati na ndengu, maji yakipita mbele yetu na matawi, mabuyu na kiatu kimoja cha plastiki. Ndiyo karamu nzuri kuliko zote nilizowahi kuhudhuria bila kualikwa.

Mama mmoja akachungulia gari akauliza ni nani amefungwa mkanda pale mbele. Nikawaeleza: blanketi la mama mkwe wa mteja, nalipeleka Kyuso, nimkabidhi mwenyewe mkononi. Wakaacha kutafuna. Yule wa mbuzi akanitazama toka juu hadi chini, akauliza kama mimi ni ndugu wa huyo mteja. Nikasema hapana, mimi ni dereva tu.

"Utampatia kwa mkono," akarudia.

Nikasema ndiyo, ndivyo nilivyoagizwa.

Wakaangaliana, kisha wakacheka, akina mama wakajifuta machozi kwa leso. Walikataa katakata kuniambia kilichowachekesha. Yule wa mbuzi alinipa tu kipande kingine cha chapati, akasema Mungu anisaidie. Maji yalipopungua tukavuka mmoja mmoja, nami nikaendelea nikidhani watu wa huku wanacheka ovyo.

Kyuso

Nilifika Kyuso mchana umeanza kulegea, milima ya Mumoni imesimama kwa mbali, ya buluu. Niliulizia njia dukani kwa Bwana Abdi, ambaye ukoo wake ulitoka upande wa Garissa kabla yeye hajazaliwa. Anauza sukari, kamba za mbuzi na taa za sola, na Kikamba chake kinakiaibisha changu. Akanielekeza: boma lenye tangi jeusi na mkwaju langoni.

Mama Mwende alikuwa uani anapepeta ndengu. Nikamsalimia, "Wakya," akaitikia, "Aa," kwa uchangamfu, akaweka ungo chini, akainuka kunijia. Nikasema nina mzigo wake kutoka Mukuyuni, kwa Mutua.

Alisimama ghafla. Akavuta leso ikamfunika uso, akageuka, akaenda nyuma ya ghala kwa zile mbio za mtu mzima anayejaribu asionekane anakimbia.

Nikamfuata. Hilo ndilo kosa langu kuu, naliandika ili mnicheke mara moja yaishe. Nilipofika nyuma ya ghala, yeye ametokea mbele. Nilipokuja mbele, yuko nyuma. Tulizunguka ghala lile, mimi na blanketi kifuani, yeye na leso usoni, mpaka nikakumbuka jiwe la Nzambani nikaanza kuhesabu kwa hofu. Nikasimama. Nikamwambia kupitia ghala kwamba ni kutia sahihi tu na kupigwa picha, dakika moja.

"Kijana," sauti ikatoka upande wa pili, ikihema, "wewe huna haya hata kidogo."

Nikainusa fulana yangu. Nikadhani labda ananiona mtu wa chifu. Mwishowe nikarudi dukani na blanketi langu kwapani.

Bwana Abdi alipolisikia hilo la ghala, ilibidi akae juu ya gunia la sukari. Alicheka hadi kofia ikamtoka. Kisha akaniuliza mimi ni Mkamba wa wapi, nikasema nimezaliwa Athi River.

"Hapo ndipo shida iko," akasema. "Sikia. Mtu hasimami uso kwa uso na mama ya bibi yake. Hiyo ndiyo nthoni, hiyo heshima yenu. Mutua angekuja mwenyewe, huyu mama angejificha tu vile. Sasa wewe umebeba mkono ya Mutua. Kwa macho yake wewe ndio Mutua. Na umemkimbiza kwa boma yake."

Masikio yalinichoma kwa aibu. Nikauliza, kwani huyu mama haendi kanisani, asiweze kumsalimia mtu tu? Bwana Abdi akasema ameokoka, ndiyo, na anaongoza kwaya, lakini nthoni ni nthoni hata pasta anaifuata. Mwacha mila ni mtumwa, akanitupia, na wewe umekuwa mtumwa wa pikapu. Akafunga duka. Akamwita mke wake, Halima, na Halima akawaita majirani wawili wa kanisani kwa Mama Mwende, maana blanketi la mama hupokelewa na wanawake.

Tulipofika bomani wanawake wakalichukua blanketi, mimi na Bwana Abdi tukaambiwa tusimame langoni, tuangalie nje. Basi nikawa nimeangalia Mumoni. Mlima ulikuwa mzuri, jua likiupaka ubavuni, vivuli vya mawingu vikiupanda taratibu. Kwa mara ya kwanza maishani nilichoka kuangalia mlima, kwa sababu kila kitu kilichokuwa na maana kilikuwa nyuma yangu na sikuruhusiwa kugeuka.

Nikasikia wakibishana. Jirani mmoja alisema blanketi la kuletwa na gari la mizigo si blanketi lililotolewa. Wanawake wa upande wa mume ndio walipaswa kulileta, waimbe, wamfunike. Wa pili akasema, mama yake Mutua amekufa, dada hana, wanawake hao atawatoa wapi? Wa kwanza akasema hata hivyo, mambo yakianza kutumwa kama gazeti yataishia wapi. Nikamfikiria Mutua na ile kofia mkononi, nikaogopa kweli. Nilijiona nikirudi Mukuyuni na kifurushi kile kile.

Kisha sauti ya Mama Mwende ikaja, lakini haikuja kwangu. "Halima, muulize huyo mtu alipewa namna gani."

Halima akaniuliza, nami nikaujibu mlima. Nikasema alinipa kwa mikono miwili, amevua kofia, mvua inanyesha. Nikasema alinikataza kuliweka chini ya mizigo mingine, na mimi nimelileta kiti cha mbele, nimelifunga mkanda.

"Mikono mbili?" akauliza kupitia Halima.

"Mikono miwili."

"Na alisema nini?"

Nikasema yote. Nikasema kwamba Mwende hana wa kumshikia mtoto hata akaoge. Nikasema kwamba asipolikubali, Mutua hajui atamwambia Mwende nini.

Nikakumbuka simu yangu, nikaipiga namba ya Mutua, nikawasha spika, nikampa Bwana Abdi, naye akarudi kinyumenyume kumpa mke wake bila kuangalia. Haikupokelewa na Mutua. Ilipokelewa na Mwende, na nyuma ya sauti yake mtoto alikuwa analia kwa nguvu zake zote.

"Mwaitu," Mwende akamwita mama yake, "blanketi imefika?"

Mama Mwende hakujibu habari ya blanketi. "Huyo ndiye yeye analia?"

"Ndiye."

"Mbona hamumshiki vizuri?"

"Mwaitu, mkono yangu imechoka," Mwende akasema, na akaanza kulia naye.

Sikuona kilichofuata. Nilisikia karatasi ikichanwa, kisha kitambaa kizito kikikunjuliwa na kupigwa hewani, kisha vigelegele, na kati ya vigelegele hivyo vikali zaidi vilikuwa vya yule jirani aliyepinga. Bwana Abdi kando yangu alisema Alhamdulillahi na kujifuta jicho, akidai ni vumbi, na vumbi halikuwapo.

Nikaomba kwa heshima zote picha ya ofisi. Wakashauriana, wakaniita nigeuke. Alikuwa amesimama katikati ya uani amenipa mgongo, blanketi la maua makubwa limemfunika toka mabegani hadi miguuni. Nikapiga. Hiyo ndiyo picha yenu.

Kyuso hadi Mukuyuni

Mama Mwende alitaka kujua, kupitia Halima, huyo dereva anarudi lini. Nikasema kesho asubuhi, lakini kampuni haibebi abiria. Nikampigia Mama Ndinda. Akauliza narudi na mzigo gani, nikamwambia mama mkwe, nikamsimulia. Kisha akasema nimweke mbele, nimfunge mkanda, na nisisimame kila mlima.

Nililala kwa Bwana Abdi nikiwa nimeshindiliwa anjera na nyama ya mbuzi. Asubuhi Mama Mwende alikuwa tayari ndani ya gari, uso ameuelekeza dirishani, blanketi mabegani katika lile joto, na mapajani kyondo chenye asali, unga wa wimbi na kuku hai aliyetoa kichwa nje. Blanketi alikuwa amelipokea, lakini mbele ya mtu aliyebeba mkono wa Mutua bado hakuwa tayari kuzungumza. Basi akazungumza na kuku.

"Kuku," akasema tulipofika Kandwia, "ambia huyo dereva hapa kuna mawe."

Nikamwambia kuku ahsante, nimeyaona. Tukaenda hivyo. Kuku aliniambia nipunguze mwendo, aliniuliza kama nina wazazi, aliniambia nile yai. Nami nikamweleza kuku majina ya mahali tulipopita, kwa sababu mwenye kuku hakuwahi kuvuka Kitui mjini. Tulipoupita mji huo alianza kuuvuta mkanda wake, akiinama kuangalia upande wangu wa barabara pia. Aliona maua ya Mutomo akamwuliza kuku kama mtu anaweza kuyapanda nyumbani. Nilikuwa nimeyaona siku mbili nyuma na sasa niliyaona upya, na nilifurahi kama mtu anayemwonyesha mgeni shamba lake.

Tulipopanda Yatta vipepeo walikuwa bado wanahama. Tukafika ukingo wa pili, mahali ambapo chini unauona Athi na ng'ambo vilima vya Chyulu, na mawingu yalikuwa yamepanda. Akamsahau kuku kabisa.

"Dereva, simama," akasema. "Kile kitu cheupe ni nini?"

Nikamwambia ni Kilimanjaro, ni theluji. Tukashuka. Alisimama kando ya barabara na blanketi lake, upepo ukilipiga, akauangalia. Simu ikalia. Niliitazama tu, lakini yeye akaninyang'anya mkononi.

"Tunaangalia mlima," akamwambia Mama Ndinda, na akakata.

Mukuyuni tulifika kabla jua halijazama. Nyumba yao ni ya vyumba viwili, nyuma ya soko, kuna tangi la maji pembeni. Mutua alitoka aliposikia gari, akamwona anayeshuka, na papo hapo akarudi nyuma hadi akajificha kando ya tangi, ikabaki kuonekana kiwiko tu. Mwende alikuwa mlangoni, mkono mmoja umeshika tumbo, mkono wa pili umemshika mtoto kwa shida. Alikuwa analia na kutabasamu.

Mama yake alitembea hadi kizingitini akasimama. Katika miaka yao yote ya ndoa alikuwa hajakivuka. Nilishika kyondo na kuku, sikujua nikae wapi. Mwende hakumharakisha. Mutua hakutikisika.

Kisha akageuza uso kuelekea tangi, na sauti yake ikawa ya kawaida kabisa, kama mtu aliyeishi pale siku zote.

"Mutua. Niletee maji ninawe. Nataka kushika mtoto."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyowahi kumwambia. Mutua alikuja na jagi na beseni, macho chini. Mama Mwende akanyoosha mikono yote miwili mbele yake. Mutua akamimina. Mikono ilishatakata zamani, na Mutua bado anamimina, na mama mkwe wake hakuivuta mikono mpaka jagi likaisha.